Mbuzi wa Kiamaiko na Nambari Anayoikosa

Mbuzi anayeshushwa Kiamaiko alfajiri huwa ameandikwa mara nyingi kuliko anavyodhani mla nyama choma wa Nairobi. Huko alikonunuliwa, tuseme Moyale au Merille, aliingia katika kibali cha kusafirisha mifugo akiwa mmoja wa kundi lililohesabiwa na afisa wa mifugo. Soko nalo likatoa risiti ya ada ya kaunti. Kisha lori likashika barabara kuu ya A2, likapita Marsabit kama limetoka Moyale, kisha Isiolo, Nanyuki na Karatina, safari ya takriban kilomita 780 kwa anayeanzia huko Moyale mpakani, na vizuizini askari wakataka kuona karatasi. Kichinjioni karani anaandika upya idadi na jina la mwenye mzigo. Mkaguzi wa nyama anaandika alichokikagua na alichokitupa, anapiga muhuri, na nyama inayotoka inapewa cheti chake cha usafirishaji. Mwenye bucha wa Huruma au Kariobangi ana daftari lake la madeni, na pesa zinapopita, M-Pesa inaandika muamala papo hapo. Kabla nyama haijafika mezani, mnyama huyo amepita katika vitabu saba au vinane, na hakuna hata kimoja kinachoweza kusomwa pamoja na kingine.

Tumezoea kusema kwamba biashara za Eastlands hazina kumbukumbu. Si kweli. Kumbukumbu zipo tele. Kinachokosekana ni makubaliano ya namna ya kuziandika ili ya mtu mmoja isomeke na mwenzake. Kibali kinataja kundi, karani anataja mwenye mzigo, mkaguzi anataja idadi ya mizoga, daftari la bucha linataja kilo, na M-Pesa inataja nambari ya simu. Ukitaka kujua kama kilo kumi zilizouzwa leo Huruma zilitoka katika kundi lililopewa kibali Jumatatu huko Marsabit, itakubidi uwaulize watu, mmoja mmoja, ukitumaini kwamba wanakumbuka na kwamba wako tayari kusema. Hoja ya makala hii ni kwamba kazi ya kuunganisha vitabu hivyo haitafanywa na programu nyingine ya simu. Itafanywa na kiwango cha data kilicho wazi, kidogo, kisichomilikiwa na kampuni yoyote, na kinachoanzia kwenye karatasi ambazo wafanyabiashara wa Kiamaiko tayari wanazibeba.

Nasisitiza neno kiwango kwa sababu kwa zaidi ya miaka 10 tumekuwa tukitibiwa kwa programu. Wawekezaji walikuja Nairobi na ahadi ya kuunganisha mkulima, msambazaji na mwenye duka, na kila kampuni ikajenga jumba lake lenye milango yake. Copia, iliyohudumia wateja wa mashambani kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Mwaka huo huo MarketForce ilifunga RejaReja, huduma yake ya kuwauzia wenye maduka madogo kwa jumla, na Wasoko ikaungana na MaxAB ya Misri. Kampuni kufa au kuungana ni jambo la kawaida katika soko, na hapa si mahali pa kumlaumu yeyote. Kilichopaswa kutushtua ni kwamba historia ya manunuzi iliyokusanywa ndani ya programu moja haihamishiki kwenda nyingine, kwa sababu kila moja ilibuni nambari zake za bidhaa, za maduka na za vipimo. Mwenye duka aliyelipa madeni yake kwa uaminifu miaka mitatu anaanza tena kama mgeni. Kungekuwa na lugha moja ya kuandika oda, shehena na malipo, kampuni zingekuja na kwenda, na rekodi ya mtu ingebaki yake.

Wazo hili halikuzaliwa na kompyuta. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani kuelekea Tabora na Ujiji ilifanya biashara na watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja, wala sarafu moja, wala mahakama moja, lakini pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila ya ratili 35, na kitambaa kikahesabiwa kwa shuka ya dhiraa nne na doti ya dhiraa nane. Mtu aliyepeleka mzigo Unyanyembe hakuwa na haja ya kubuni kipimo kipya katika kila kijiji. Huko Ulaya, somo kama hilo lilikuja kwa shinikizo la vita baridi. Berlin ilipozingirwa mwaka 1948 na chakula na makaa kulazimika kupelekwa kwa ndege, mizigo ilifika na hati za kila umbo na kila lugha. Mwanajeshi mmoja wa Marekani, Edward Guilbert, pamoja na wenzake waliandaa hati moja ya shehena iliyoweza kutumwa kwa teleksi, redio au simu kabla ndege haijatua. Mwaka 1965 kampuni ya meli ya Holland-America ikatuma orodha ya shehena kuvuka Atlantiki kwa teleksi. Mwaka 1987 kanuni za ujumbe wa kibiashara za Umoja wa Mataifa, zinazoitwa EDIFACT, zikapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Msimbo wa mistari tunaouona kwenye pakiti ya unga nao una historia hiyo hiyo: ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu, na leo bidhaa iliyosajiliwa Kenya huanza na tarakimu 616. Katika visa vyote hivi, watu walikubaliana kwanza juu ya kitu cha kuandikwa. Mashine zilifuata.

Na Kenya inajua kufanya hivyo inapotaka. Tangu eneo moja la forodha la Afrika Mashariki lianze mwaka 2014, tamko la mzigo wa Uganda hutolewa Kampala wakati kontena bado liko Mombasa, na maafisa wa nchi mbili husoma taarifa zile zile. Mfano ulio karibu zaidi na chakula ni mishiri, yale maharagwe mabichi ya Mwea, Kirinyaga, yanayopelekwa Ulaya. Mwanzoni mwa 2013, baada ya masalia ya dawa ya dimethoate kugunduliwa, Umoja wa Ulaya uliamua kwamba shehena moja kati ya kila kumi za mishiri na njegere kutoka Kenya ikaguliwe. Wakulima walipata hasara kubwa. Lakini sekta ilijipanga: vikundi vya wakulima vikapewa nambari, kreti zikapewa nambari, na wasafirishaji wakaanza kuonyesha shamba ambako mzigo ulitoka. Ina maana kwamba mlaji wa Rotterdam anaweza kuambiwa kundi la wakulima waliomlimia mishiri. Mlaji wa Mathare, anayekula mbuzi aliyechinjwa mita mia chache kutoka nyumbani kwake, hawezi kuambiwa hata kaunti. Sioni sababu yoyote ya heshima ya kueleza tofauti hiyo. Tulijenga viwango pale mnunuzi wa nje alipotishia kufunga mlango, na tukawaacha wanunuzi wetu wenyewe kwa kuwa hawana mlango wa kufunga.

Gharama ya kutokuwa na nambari tuliilipa waziwazi mwishoni mwa 2006. Mvua zilinyesha kupita kiasi kaskazini mashariki, mbu wakazaana, na Homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa na kuenea. Zaidi ya watu 150 walifariki humu nchini. Serikali, kwa haki kabisa, ilizuia uchinjaji na kufunga masoko ya mifugo katika maeneo yaliyoathirika. Lakini zuio lile halikuwa na jicho. Mfugaji ambaye mifugo yake haikuugua alifungiwa pamoja na yule aliyeuguliwa, na huko Nairobi wateja, wasioweza kutofautisha nyama ya eneo salama na ya eneo hatari, waliikimbia nyama nyekundu yote. Uchambuzi wa Karl Rich na Francis Wanyoike uliochapishwa 2010 ulikadiria hasara kuwa zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Sehemu ya hasara hiyo ililetwa na ugonjwa wenyewe, na nambari haifukuzi mbu. Sehemu nyingine ililetwa na giza: hatukujua mzigo upi umetoka wapi, basi tukauadhibu wote. Homa hiyo ikarudi 2018, Wajir na Marsabit zikiathirika, na itarudi tena mvua kubwa zikirudi, kwa maana ndiyo tabia yake.

Hasara ya kila siku haionekani kwenye magazeti, lakini pengine ndiyo kubwa zaidi. Mkaguzi wa Kiamaiko anapotupa maini kwa sababu yana uvimbe wa minyoo, ameona jambo ambalo mfugaji wa Laisamis, kule Marsabit, hana njia ya kuliona, kwa sababu mnyama akiwa hai ini halionekani. Taarifa ile ingerudi kwa mfugaji, angejua kwamba kundi lake linahitaji dawa, na mbwa wake pia, kwa kuwa mbwa ndiye anayeibeba minyoo hiyo. Hairudi. Inaishia kwenye fomu ya Nairobi kama idadi ya maini yaliyotupwa mwezi huo, bila chanzo. Upande wa pesa ni vivyo hivyo. Mfanyabiashara anayeleta lori la mbuzi kwa kawaida hukabidhi mzigo kwa mkopo: dalali anauza, wachinjaji wanachukua, bucha zinalipa kidogo kidogo, na mwenye mali anasubiri. Mzozo ukizuka kuhusu wangapi walifika hai, wangapi walikufa njiani na bei ilikuwa ipi, ushahidi ni neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake. Akienda benki kuomba mkopo, ana miamala elfu ya M-Pesa isiyosema ilikuwa ya nini. Benki inaona pesa zikiingia na kutoka kwenye simu, haioni biashara.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na inafaa tukae hapo kidogo. Wataalamu wa minyororo ya ugavi wana kiwango kinachoitwa EPCIS ambacho, ukikivua vazi lake la kitaalamu, kinataka kila tukio lijibu maswali manne: nini, wapi, lini na kwa nini. Kwa mbuzi wa Kiamaiko, maswali hayo yanaweza kutoshea katika mstari mmoja. Nambari ya kundi, ambayo ndiyo nambari ya kibali kilichotolewa sokoni. Nambari ya mahali, yaani soko, kichinjio au bucha. Tarehe na saa. Tukio lenyewe: amepakiwa, ameshushwa, amechinjwa, amekaguliwa, ameuzwa. Idadi, na kama ni nyama, uzito kwa kilo. Basi. Yeyote anayetaka kuongeza rangi, aina ya mbuzi, umri au bei anaweza kuongeza upande wake, lakini vitu hivyo vichache viandikwe na wote kwa namna ile ile, iwe kwenye kompyuta, kwenye simu ya mulika mwizi au kwa kalamu.

Atakayesema mbuzi hawezi kubandikwa msimbo kama pakiti ya unga amesema kweli, na tatizo halisi ni kubwa kuliko hilo. Lori moja hubeba mbuzi wa wafanyabiashara kadhaa, na mnyama akishachinjwa anatawanyika: mzoga kwenda bucha, kichwa na miguu kwa wauza supu, matumbo kwa wapishi wa vibandani, ngozi kwa wanunuzi wa ngozi. Lakini tazama jinsi wafanyabiashara wenyewe walivyokwisha kulitatua tatizo la lori la pamoja. Wanapaka alama za rangi kwenye manyoya, huyu nyekundu mgongoni, yule bluu kwenye paja, na wanaoshusha mzigo hutenganisha makundi kwa kuzitazama. Huo tayari ni mfumo wa utambulisho, una kanuni zake, na unafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba maana ya rangi inajulikana na watu wachache, kwa siku chache. Kiwango kingehitaji tu alama ile iandikwe kwenye kibali kando ya nambari ya kundi, na karani wa kichinjio aiandike hivyo hivyo. Kuhusu viungo vinavyotawanyika, hatulazimiki kufuatilia kila utumbo hadi sufuriani. Inatosha kujua kwamba siku fulani, kichinjio fulani kilichinja makundi fulani, na kilitoa nyama kwa bucha fulani. Hatari ikigunduliwa, tutatafuta katika bucha 20 badala ya jiji zima. Ukamilifu usitumike kama kisingizio cha kutofanya lolote.

Australia, nchi yenye makumi ya mamilioni ya kondoo, ilianza kwa njia hii. Kwa miaka mingi kondoo na mbuzi wake walifuatiliwa kwa kundi, kila shamba likiwa na nambari yake na kila safari ikiwa na hati ya tamko la mwenye mifugo. Hereni za kielektroniki kwa kila kondoo na mbuzi wa kufugwa anayezaliwa zimekuwa sharti nchini kote tangu Januari 2025 tu. Botswana, kwa upande mwingine, ilitaka kulinda soko lake la Ulaya, ikaanza na kidonge cha kielektroniki kinachokaa tumboni mwa kila ng'ombe. Ng'ombe wa kuuzwa Ulaya ana thamani ya kubeba gharama hiyo, na hata huko kidonge baadaye kiliachwa kwa hereni. Mbuzi wa Merille hawezi kubeba gharama hiyo, na mpango wowote utakaoanza kwa kumdai mfugaji anunue kifaa kwa kila mnyama utakufa kabla ya kuvuka Archer's Post.

Pingamizi lililo zito zaidi halihusu teknolojia. Linasema kwamba biashara hii inaendeshwa kwa uaminifu wa ukoo, dini na urafiki wa miaka, na kwamba karatasi nyingi zitaharibu kitu ambacho kimedumu bila serikali. Msomi Hussein Mahmoud, katika utafiti wake wa 2008 kuhusu wafanyabiashara wa mifugo wa kaskazini mwa Kenya, alieleza kwa kina jinsi uaminifu ulivyowawezesha watu kufanya biashara katika mazingira ya ujambazi, barabara mbovu na malipo yasiyokuja. Naliheshimu pingamizi hili. Aliyewahi kumtumia dalali mali ya nusu milioni kwa neno la mdomo na akalipwa, hahitaji mhadhara wangu. Lakini uaminifu wa aina hiyo una mipaka inayojulikana: unamfaa aliye ndani na kumfungia aliye nje. Msichana wa Marsabit mwenye mtaji wake, asiye na mjomba Kiamaiko, anaingiaje? Mfugaji anayetaka kumuuzia hoteli ya Westlands moja kwa moja anathibitishaje kwamba mbuzi wake wamekaguliwa? Na hata kwa aliye ndani, kuandika hakuvunji udugu. Wanaoaminiana hawafanyiani udhia kwa kuhesabu pamoja. Tena wafanyabiashara hao hao ndio waliokuwa na kila sababu ya kushikilia noti mkononi, na waliipokea M-Pesa tangu 2007 kwa sababu ujumbe wa uthibitisho, wenye nambari, kiasi, jina na saa, uliwapunguzia mabishano. Ujumbe ule ndio hati ya kibiashara inayosomwa na watu wengi zaidi nchini, na nguvu yake iko katika kwamba una umbo moja, kwa tajiri na kwa maskini.

Pingamizi la pili ni kodi, nalo lisemwe bila kuzungukazunguka. Mtu wa Kiamaiko akisikia data anasikia KRA. Tangu Januari 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, na hoteli au duka kubwa linalonunua nyama kwa muuzaji asiyetoa ankara hiyo linaingia hasara. Matokeo ni kwamba muuzaji mdogo anasukumwa pembeni na mnunuzi mkubwa, si kwa sababu nyama yake ni mbaya, bali kwa sababu hana karatasi. Mwishoni mwa 2024 sheria ikalegezwa ili mnunuzi aweze kumwandalia ankara muuzaji mdogo, hatua nzuri ambayo ingepaswa kutangulia. Kwa hiyo kodi imeshafika. Kukataa kiwango cha pamoja hakutaifukuza. Kinachoweza kufanywa ni kutenganisha mambo. Rekodi ya afya na asili ya mnyama haina haja ya kubeba bei, na bei haina haja ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa itumike kwa lengo iliyokusanyiwa, na sharti hilo linapaswa kuandikwa ndani ya kiwango chenyewe, kwa Kiswahili chepesi, ili karani ajue anachotoa na kwa nani. Serikali ikiteleza hapa, ikageuza nambari ya kundi kuwa mtego wa kodi mwezi wa kwanza, wafanyabiashara wataandika uongo, na rekodi ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na rekodi. Kwa hilo niko upande wao.

Pingamizi la tatu latoka kwa wanaoogopa wakubwa. Wanakumbuka Nakumatt ilivyoanguka 2017, na Tuskys baada yake, wagavi wakiachwa na mabilioni yasiyolipwa, na wanauliza kama viwango vya kidijitali si mkono mwingine wa mnunuzi mkubwa kumshika mdogo. Mfumo wa mnunuzi mmoja ndivyo ulivyo hasa: mgavi anaingia kwenye tovuti ya duka kubwa, anaandika upya ankara yake kwa namna ya duka hilo, kesho anaiandika tena kwa namna ya duka jingine, na hana nakala ya kumbukumbu itakayomsaidia mahakamani duka likifilisika. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kiwango cha umma. Nambari ikitolewa na kaunti pamoja na kibali, bure, na umbo la ujumbe likichapishwa mahali ambapo kijana yeyote wa programu aliye Huruma anaweza kulisoma na kulitumia bila leseni, mnunuzi mkubwa anakosa ufunguo wa kumfungia mtu nje. Benki Kuu ilionyesha mwaka 2022 kwamba jambo kama hili linawezekana ilipowezesha mteja wa Airtel Money au T-Kash kulipa kwenye till ya M-Pesa. Kampuni yenye nguvu haikufa kwa kufungua mlango huo.

Kitakachoamua ni nani ataitwa mezani kiwango kikiandikwa. Kikiandikwa na wataalamu wa mifumo peke yao, kitakuwa na safu 40 na hakuna karani atakayezijaza saa kumi alfajiri huku mbuzi wakilia na lori likidai kuondoka. Wachinjaji, madalali, madereva, akina mama wa matumbo, wakaguzi na wenye bucha ndio wanaojua taarifa gani inapatikana wakati gani, na mikono ya nani ni mitupu wakati huo. Hilo ni swali la kazi, si la kompyuta. Mfano mdogo: paybill ya M-Pesa tayari ina nafasi ya nambari ya akaunti ambayo mlipaji huijaza mwenyewe. Mwenye bucha akiweka pale nambari ya kundi, malipo yake yanajiunga na kibali cha Marsabit bila mtu kununua kifaa kipya. Anayelipa kwa till hana nafasi hiyo. Tofauti ndogo kama hizi ndizo zinazofanya mfumo ukubalike au utupwe, na hazionekani ofisini.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti masoko ya mifugo, vichinjio na udhibiti wa magonjwa ya wanyama. Marsabit ina ncha moja ya kamba hii na Nairobi ina nyingine, na katikati kuna Samburu, Isiolo, Meru, Laikipia, Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu. Idara ya kitaifa ya huduma za mifugo inapaswa kuchapisha umbo la ujumbe na orodha ya nambari za mahali. Kaunti mbili za mwanzo na mwisho zinaweza kulijaribu kwa njia moja na soko moja, Merille hadi Kiamaiko, katika msimu wa kawaida, kabla mvua kubwa hazijalazimisha jaribio la haraka. Gharama ni vibali vyenye nambari isiyojirudia, makarani wachache waliofunzwa, na mtu mmoja Nairobi mwenye kazi ya kumrudishia afisa wa Laisamis, kila wiki, idadi ya maini yaliyotupwa kutoka katika kila kundi alilolitia saini. Mtu huyo aajiriwe kwanza, kabla ya mkandarasi yeyote wa programu kuitwa.